Raha ya Kujua, Hatua Chache Kutoka Darajani

Kila ikifika Juni, marafiki zangu wa vitabu walioko Ulaya na Marekani huanza kutumiana orodha. Vitabu vya likizo, vitabu vya ufukweni, vitabu vyepesi vya kusomea kwenye ndege. Nami hutumiwa, kwa wema tu, na huzisoma zote hadi mwisho kama mtu anayesoma menyu ya hoteli ambayo hatalala. Ufukwe na mimi ninao, jamani. Ni wa Mto Kagera, hapa Rusumo, wilaya ya Ngara, ila maji yake yanaporomoka kwa kishindo na pembeni kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi tunagawana. Hakuna anayetandika kanga pale akajianika.

Lakini kiangazi tunacho. Mvua zikishakata, Juni hadi Agosti, kahawa inaanikwa, majani yanageuka rangi ya mkeka, na vumbi jekundu la kando ya lami linatua kwenye kila kitu, mpaka kwenye kurasa. Vitabu vyangu vyote vya miezi hiyo vina alama ya kidole chekundu mahali fulani. Ukinipokonya kimoja bila jalada nitakuambia nilikisoma mwezi gani.

Kazi yangu ni makaratasi ya malori. Lori linatoka Dar limebeba ngano au mafuta au mabati, linakwenda Kigali, mimi nahakikisha karatasi zake zinasema kile kilichomo ndani. Kati ya lori moja na lingine kuna kusubiri, na huo muda wa kusubiri ndio maktaba yangu. Duka la vitabu hapa hakuna. Kitabu hununuliwa Dar na mtu ninayemwamini, hukabidhiwa dereva ninayemfahamu, husafiri chini ya kiti pamoja na jeki na viazi vya mtu, kikafika kinanuka dizeli. Nimezoea harufu hiyo kiasi kwamba kitabu kinachonuka karatasi tupu nakitilia shaka.

Mwaka huu orodha yangu ilikuwa hivi. Kwanza Kisima cha Giningi cha Mohamed Said Abdulla, maana kiangazi bila Bwana Msa na kiko chake sijakizoea. Halafu Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah, iliyotoka mwaka 2022, ambayo nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza nikataka kusikia hao wafanyabiashara wa msafara wakizungumza kwa lugha ambayo hapana shaka waliizungumza. Halafu Notre-Dame du Nil ya Scholastique Mukasonga na Murambi ya Boubacar Boris Diop, zote mbili kwa Kiingereza, zote mbili zikihusu ng'ambo ya daraja. Na mwisho, kwa sababu ni kinene na nilitaka kijaze Agosti nzima, kitabu cha Aniceti Kitereza cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka.

Niseme pia kwamba nina ugonjwa mwingine, ndugu wa huu wa vitabu: kupenda kujua mambo yasiyo na kazi. Nina daftari. Ndani yake nimeandika, kwa mfano, kwamba saa saba mchana upande wetu ni saa sita upande wa Rwanda, kwa hiyo mtu akivuka kwa miguu anapata saa moja ya bure. Nimewahi kuwaza kwenda kusoma sura moja ndani ya saa hiyo isiyokuwepo. Nimeandika kwamba magari yetu hupita kushoto na yao hupita kulia, na kwamba mahali fulani hapa kila dereva lazima abadilishe upande. Nimeandika kwamba Benaco, ule mji mdogo wa malori hapo juu, ulipata jina kutoka kwa kampuni ya Kitaliano iliyokuja kujenga barabara. Kwamba daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpaka vilizinduliwa Aprili 2016. Kwamba Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivukia hapa kwenye maporomoko kuingia Rwanda mwaka 1894, na mwaka uliofuata tu kitabu chake cha safari kikawa kimeshachapwa kwao. Kwamba Paradise, yaani hiyo Peponi, ilitoka 1994, miaka mia kamili baada ya Götzen. Mambo kama hayo. Hayamshibishi mtu, lakini nikilipata moja jipya siku yangu inakuwa nzuri.

Sasa, 1994. Msomaji ameshajua ninakoelekea, maana huwezi kuandika jina la Rusumo na mwaka huo kwenye mstari mmoja ukaendelea na mambo ya viko na misafara.

Katika daftari hilo hilo, kwa kalamu ile ile, imo hii: tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja kuja Tanzania. Nilipoipata mara ya kwanza, miaka kadhaa nyuma, nilisikia kile kile ninachosikia nikipata jambo lolote jipya, ule mshtuko mdogo wa furaha: hapa, pangu hapa! Nikapiga hesabu, watu zaidi ya elfu kumi kwa saa, karibu watatu kwa kila sekunde, juu ya daraja la njia moja. Hesabu ikanoga. Na tangu hapo najiuliza kama raha ile ni halali.

Maana mtoni, siku zile zile, zilikuwa zikipita maiti. Zilitoka juu, Nyabarongo, zikadondoka na maporomoko, zikaenda na Kagera hadi Ziwa Victoria, na upande wa Uganda, kule Rakai, watu wasiowafahamu ndio waliowaopoa na kuwazika. Watu waliacha kula samaki. Hili nalo ni jambo la kujua. Linaandikwa na kalamu ipi?

Nina rafiki Mwanza, msomaji wa nguvu, ambaye tunaandikiana karibu kila siku. Yeye haoni tatizo langu liko wapi, anaona lingine. Anasema: "Wewe kaka unakaa Rusumo, umezungukwa na wazee waliokuwepo, halafu unaagiza vitabu vya Msenegali vije kukusimulia. Hao wazee wanakufa. Toka, kaa nao, waulize, andika. Unasoma nini?" Hoja yake ina meno. Mukasonga ni Mnyarwanda, aliwapoteza ndugu zake wengi, sawa. Diop alikwenda Rwanda mwaka 1998 pamoja na waandishi wenzake wa Kiafrika, mahsusi ili waandike wasikae kimya, na Murambi ikatoka mwaka 2000. Lakini mama anayeuza maharage mita mia mbili kutoka ofisini kwangu hakuhitaji kusafiri popote. Yote yalimpitia mlangoni. Kwa nini nijue kwa kuzunguka Dakar na Paris jambo ambalo naweza kulijua kwa kusema shikamoo?

Nimelitafakari hili kiangazi chote, na jibu langu kwake nimeliandika vipande vipande kati ya malori. Hapa najaribu kuliweka pamoja.

Kitabu ni mtu aliyekubali kuulizwa. Mukasonga alikaa, akaamua lipi aseme na lipi abaki nalo, akalipanga, akalifuta, akalirudia, akaweka jina lake juu. Mimi nikikifungua, simwingilii. Naweza kukifunga nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikasoma tena ukurasa ambao sikuuelewa mara tatu, wala yeye halazimiki kuyapitia mara tatu. Mama wa maharage hajakubali chochote. Anapoulizwa, hawezi kufuta. Na anaulizwa na nani? Na mtu mwenye daftari anayekusanya tofauti za saa na asili ya majina ya miji. Tuseme ukweli, hamu yangu ya kumsikia isingekuwa mbali sana na ile furaha ya elfu kumi kwa saa.

Kisha kuna jambo la pili ambalo rafiki yangu, kwa kukaa mjini, halimsumbui. Waliovuka siku ile hawakuwa wa namna moja. Wengi walikimbia vita iliyokuwa ikisonga, wengi walikimbizwa na hofu waliyojazwa, na kati yao walikuwemo waliokuwa wametoka kuua majirani zao wiki ile ile. Wote walilala chini ya turubai zilezile Benaco, wakapanga foleni moja ya maji. Mwisho wa 1996 walivushwa kurudi, daraja lile lile. Sasa nikimwuliza mtu "Ulikuwa wapi?", ninauliza nini hasa? Kwa kazi hiyo ilikuwepo mahakama Arusha, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa Desemba 2015, yenye mawakili, wakalimani na watu wa kulinda mashahidi. Ilikuwa na haki ya kuuliza kwa sababu ilibeba wajibu wa kufanya kitu na majibu. Mimi na majibu ningefanya nini? Ningeyaandika kwa mwandiko mzuri.

Na la tatu ndilo linalonishika zaidi. Mwaka 2013 ilipitishwa hapa Kagera, Kigoma na Geita operesheni ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, ile iliyoitwa Kimbunga. Maelfu waliondoka, wengi kwa daraja hilihili, na miongoni mwao walikuwemo watu waliokuwa wameishi huku miongo kadhaa, wenye migomba, ng'ombe na watoto waliozaliwa hapa. Sitaki kuingia kwenye hoja ya nchi na mipaka, wapo wanaoiweza. Ninachosema ni hiki: fikiria mwaka ule kuna kijana mpenda historia ambaye ana daftari, na ndani yake, kwa nia safi kabisa, ameandika nani alifika kutoka wapi, mwaka gani, kwa jina gani la zamani. Kihangaza chetu na Kinyarwanda na Kirundi vinasikilizana, mtu anaweza kuwa jirani miaka thelathini bila yeyote kumwuliza silabi zake zilitokea kilima kipi. Wakati mwingine huko kutoulizwa ndiko kunakomwezesha mtu kulala. Daftari langu lingekuwa ushahidi, na hata mimi nisingejua.

Mtu aliwahi kunijaribu kwa hilo, tena kwa mzaha. Tulikuwa kwa mama lishe, akapita bibi mmoja, jamaa akaninong'oneza: "Wewe msomi wa mambo ya ng'ambo, huyu kwa sura yake ni wa wapi?" Nilikuwa nimemaliza Notre-Dame du Nil juzi yake, kitabu ambacho wasichana wa shule wanapimana pua na nasaba mpaka mambo yanaharibika. Nikamwambia chai yake inapoa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba riwaya haiwezi kuwa ufunguo wa nyumba ya jirani. Nikisoma Murambi nimepata kujua jambo kuhusu binadamu, pengine kuhusu mimi mwenyewe, lakini kuhusu mama wa maharage sijapata kujua lolote, na nikianza kumtazama kwa jicho la ukurasa wa kitabu nitakuwa nimemdhulumu bila hata kumsemesha.

Rafiki yangu alipopata haya alikaa kimya siku mbili, jambo ambalo kwake ni ugonjwa, kisha akanirudishia kwa kutumia vitabu vyangu mwenyewe. "Na Kitereza?" akaandika. Hapo alinibana. Kwa wasiomfahamu: Mkerewe, alimaliza kuandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakuna aliyekuwa tayari kuchapa kitabu kikubwa kwa lugha ya kisiwa kimoja. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka 35 mtu alikuwa amekubali kuulizwa, ameshajibu, na hakuna aliyekuja. "Kwa hiyo," anasema rafiki yangu, "huo ukimya unaouheshimu, una hakika ni wao waliouchagua? Götzen alipita hapo siku chache, kitabu chake kikatoka mwaka mmoja baadaye. Kitereza alizaliwa huku, akasubiri miaka 35. Mama wa maharage atasubiri mingapi? Adabu yako inafanana sana na ya wachapaji."

Nimeigeuzageuza sentensi hiyo ya mwisho. Sina namna ya kuikwepa yote. Ni kweli ukimya wa mtu unaweza kuwa mlango aliofunga mwenyewe, na unaweza kuwa mlango ambao hakuna aliyewahi kuugonga, na kwa nje vyote viwili vinafanana. Ninachokataa ni kwamba tofauti yake hujulikana kwa kuugonga kwa nguvu. Kitereza aliandika kwanza. Alikuwa akibisha yeye, kutoka ndani. Wajibu wetu kwake ulikuwa kusikia, na hatukusikia. Kwa hiyo labda kazi ya msomaji anayekaa mahali kama hapa ni kuwa mtu ambaye ukimwambia jambo linakaa mahali pazuri, kisha basi, kuendelea na maisha. Hiyo ni kazi ya polepole mno kwa mtu mwenye haraka ya orodha. Rafiki yangu anaiita uvivu wenye maneno mazuri. Tunaendelea kubishana.

Kuhusu ile raha, bado sijamaliza. Kuna watu wanaosema vitabu vya msiba visomwe kwa huzuni tu, kama kwenda matanga, na vile vya Bwana Msa viwekwe kando kwa heshima. Mimi nilisoma Kisima cha Giningi na Murambi wiki moja, asubuhi hiki, jioni kile, na sikuona kwamba kimoja kilimtukana mwenzake. Murambi imeandikwa vizuri, na uzuri wake ulinifurahisha, siwezi kusema uongo. Diop alichagua kuandika riwaya, wakati angeweza kuandika ripoti. Nadhani alitaka tuvutwe kufungua ukurasa unaofuata, ule ule uvutwaji unaomfanya mtu amfuate Bwana Msa gizani, kwa sababu bila huo hakuna anayefika ukurasa wa mwisho wa mambo kama yale. Raha ya sentensi nzuri naona ina mwenyewe, mwandishi aliyeitengeneza akanipa. Raha ya ile hesabu ya watu watatu kwa sekunde hakuna aliyenipa. Niliichukua. Daftarini sijaifuta, maana ni kweli na kweli haina kosa, lakini niliihamishia ukurasa wa nyuma, peke yake, mbali na mambo ya magari na saa. Najua ni jambo dogo. Afisa mmoja wa makaratasi kupanga karatasi zake, utasema.

Bibi anayekaa nyuma ya ofisi yetu, yule aliyepita siku ile kwa mama lishe, ana mazoea ya kuja kukaa kwenye kivuli chetu jua likiwa kali. Huchambua maharage, mimi nasoma. Mwaka huu aliniuliza kila kitabu kinahusu nini. Giningi nilimsimulia yote, akacheka hadi akaweka ungo chini. Murambi nilimwambia tu ni cha habari za ng'ambo, za wakati ule. Akaitikia "Ee," akaendelea kuchambua. Baada ya muda mrefu, lori mbili zimeshapita, akasema mwaka ule sufuria zilikuwa rahisi sana, watu waliuza sufuria kwa bei ya chumvi kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kuuza, na kwamba yeye hakununua hata moja, hata ile nzuri yenye mfuniko. Nikangoja. Hakuongeza. Sikumwuliza ni kwa nini hakununua, na yeye hakunipa sababu. Haya nayaandika hapa kwa ruhusa yake. Nilimwomba jana, akasema "Ya sufuria? Andika, mwanangu, sufuria si siri."

Agosti tumeifikisha kwa Kitereza. Huyu namsomea kwa sauti, maana aliposikia ni habari za mke aliyechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya maneno ya wakwe kuhusu kutozaa, alihamisha kigoda chake karibu. Tuko pale Myombekere anapoambiwa ili amrudishe Bugonoka lazima apeleke pombe ya ndizi ukweni. Bibi alinisimamisha. Alitaka kujua mitungi mingapi. Nikamwambia. Akanyamaza akipiga hesabu yake kwa vidole, akauliza ndizi za aina gani, kitabu kikawa hakijafika hapo, akasema huyo mzee aliyeandika kama ni mtu wa ziwa kweli basi atataja tu, tuendelee.